Mlango Wako Nimeupuliza Mchanga, Baba

Baba,

Salamu zikufikie huko uliko. Mama hajambo, eda yake yaelekea ukingoni. Na ule mlango wa chumba chenu... hebu nikueleze polepole.

Wajua tulivyokuwa tukitetana kila ukitoka na kopo la rangi. "Rangi ni nguo ya mlango, Rukia," ukasema, ukauvika kanzu nyingine juu ya nakshi, hata maua yakawa mithili ya vitumbua. Basi ulipotutoka niliazimia kuzivua nguo zote. Fremu imeshikana na ukuta, haitoki, kwa hivyo kazi ikawa humo humo sebuleni. Odhiambo, fundi wa kutoa kutu za meli Kilindini, akaniazima mashine yake ndogo ya kupuliza mchanga. Akanionya, "Presha ya chini, dada. Hii si meli."

Nilitundika nailoni pande zote, nikavaa ovaroli na kofia ya kufunika uso. Nikafyatua. Baba! Rangi iliruka, na ua moja la pembeni likaruka nayo. Nisamehe. Pamebaki laini kama shavu la mtoto. Nailoni ikang'oka, mchanga ukajaa makochini, ukaingia hata ndani ya birika la kahawa.

Hapo ndipo Bi Zuhura, jirani yetu, alipokuja kumtazama Mama. Kuingia tu, akaona kitu cheupe kisicho na uso, kinakoroma, kimesimama mlangoni pa marehemu. Akapaza Ayatul Kursi. Nikanyoosha mkono kumtuliza, kumbe bado nimeshika mpira wa mashine. Yule alalamikaye magoti kila siku alishuka ngazi mbilimbili, akatuachia kiatu kimoja.

Mama akatoka jikoni. Akanitazama, akautazama mlango, akaketi pale pale mchangani akacheka hata akashika mbavu. Baba, tangu tukuzike hatukuwahi kumsikia akicheka. Nami nikalia ndani ya kofia, kioo kikaingia ukungu nisione kitu.

Aliponyamaza akasema, "Usiimalize yote. Niachie ubao mmoja na rangi ya babako."

Mashine nimeirudisha. Pengine nitakwangua kwa mkono, taratibu. Ubao wa chini sitaugusa. Kitanda changu nimekihamishia chumbani kwa Mama, na sitoki mpaka anichoke mwenyewe. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Baba. Mungu akutilie nuru.

Mwanao,
Rukia