Ndege wa Murera Aliyekataa Kuimba

Jumamosi. Baridi kali, ukungu, vidole vimekufa ganzi. Nimeudhika sana na ninaandika haya kabla hata ya kuvua gambuti zenye matope.

Hii ni Jumamosi ya sita nikimtafuta ndege mmoja tu. Ni mdogo, rangi ya udongo, na hujificha ndani ya matete kwenye kinamasi kimoja pale Murera. Wenzangu wanaopenda kutazama ndege wanasema si lazima umwone, utamjua kwa wimbo wake mwembamba, wa juu sana. Wote wameshamsikia. Mimi, mwalimu mstaafu, kiongozi wa kwaya miaka kumi na minane, sijamsikia hata mara moja.

Leo mume wangu, Baba Ciku, aliamua kunipeleka kwa gari kutoka hapa Kiganjo. Sikumwomba. Ndege anayemjua yeye ni kuku. Alikuja na kandambili za bafu na mahindi ya kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi.

Tulisimama saa nzima. Nilimnyamazisha mara tatu.

"Mama Ciku," akasema mwishowe, "kwani tunangoja nini?"

"Aimbe."

"Nani?"

"Ndege, Baba Ciku! Ndege!"

Akaacha kutafuna. "Si ndiye huyo anaimba tangu tufike?"

Nikamwambia huyo ni chura. Akasema hajawahi kuona chura anayelia kama filimbi. Tukaanza kubishana pale kwenye matope, watu wazima wenye wajukuu. Kando ya maji kulikuwa na mama akikatia ng'ombe wake majani ya nepia. Baba Ciku akamwita aamue.

"Hiyo kandege?" Yule mama akacheka. "Ai, hiyo hupiga kelele asubuhi yote. Si iko hapo juu?" Akaonyesha kwa panga.

Nikainua darubini. Nikamwona kwenye ncha ya tete, hatua kama kumi kutoka nilipokuwa. Mdomo wazi. Koo likitetemeka. Mwili mzima ukitikisika kwa nguvu ya wimbo.

Sikusikia kitu.

Nikavua kofia, nikasukuma nywele nyuma ya masikio. Bado. Wiki sita nimelaumu upepo, nimelaumu pikipiki, nimelaumu wanaojenga kwenye ploti za jirani.

Tulirudi kwenye gari. Baba Ciku ndiye aliyeanza kuongea, polepole. Alisema mwaka jana aliniambia mara mbili twende kwa daktari, nikamjibu aache kunifokea. Kumbe hakuwa akifoka. Alikuwa akipaza sauti ili nimsikie. Nikamkasirikia kwa kutoniambia mara ya tatu. Najua si haki. Nilimkasirikia tu.

Tulikuwa tumepita Juja nilipomkumbuka Wanjiru.

Wanjiru ni soprano wetu, yule wa sauti ya juu. Mwezi uliopita, mbele ya kwaya nzima, nilimwondoa kwenye ubeti wa kuimba peke yake. Nilimwambia akifika juu sauti haitoki, anafungua mdomo tu. Akasema, "Lakini mwalimu, nimeimba." Nikamwambia asinijibu. Akarudi kwenye mstari akiangalia viatu vyake, na hakuna aliyemtetea. Nilidhani wamenyamaza kwa sababu niko sahihi. Walinyamaza kwa sababu wananiogopa.

Ngai, Mungu wangu, mtoto wa watu.

Jumatatu tunaenda kwa daktari wa masikio. Baba Ciku ameshapiga simu bila kuniuliza, na hilo nalo limenikera. Sijui daktari atasema nini. Sijui kama kiongozi wa kwaya anaweza kuendelea hivi, na leo sitaki kujua.

Lakini kesho ni Jumapili, na kwaya hukutana kabla ya ibada. Wanjiru nilimwaibisha mbele ya watu. Mbele ya watu haohao nitamwambia kwamba aliimba, ila mimi ndiye ambaye sikusikia.