Mikono Mirefu

Jumatatu, 9 Januari 2006
Masweta kumi na moja kufikia jioni. Shule zimefunguliwa, duka la mjini halituachi tupumue. Mama Njoro amehamia kwao Kinangop. Miaka sita, mimi nafuma vipande vya sweta kwa mashine, yeye anaviunga. Kwenye kiti chake sasa kuna Mwende, msichana wa Machakos, yuko kwa majaribio. Simpendi.

Jumanne, 10 Januari
Mwende ameniuliza kama kuna jambo anafaa kujua. Nimemwambia aangalie kazi. Mimi sikufundishwa kwa kubembelezwa. Uji wa saa nne kila mtu amekunywa akitazama ukuta wake.

Alhamisi, 12 Januari
Duka la mjini limerudisha masweta yote. Mikono inafunika vidole vya watoto. Baba Ciku, mwenye karakana, amemfokea Mwende mbele ya wateja: "Wewe umeniangusha! Kesho ndio mwisho wako hapa."

Nimepima sweta moja. Mshono wa Mwende ni mwembamba, umenyooka. Ndipo nikaelewa. Mshono mnene wa Mama Njoro ulikuwa ukila upana wa vidole viwili kwenye kila mkono wa sweta. Nikazoea kuongeza vidole viwili nikifuma, hata nikasahau kwamba naongeza. Kosa ni langu. Sikusema. Najichukia.

Ijumaa, 13 Januari
Msichana analia huku anaunga. Na bado mishono imenyooka! Imenikera hiyo. Nimesimamisha mashine, nikamwendea Baba Ciku.

"Hiyo mikono ni yangu. Mimi ndio nimeifuma mirefu. Ukimfukuza huyu, tufukuze wote wawili, halafu ukae ufume mwenyewe."

Akasema nina kiburi. Ninacho, tena cha kutosha. Wahenga wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilijivua mwenyewe, nikabaki wima.

Jumatatu, 16 Januari
Mwende amebaki. Amepewa mashine yangu. Mimi nimewekwa kwenye kuunga, nipate adabu. Nimekaa.

Mshono wangu wa kwanza ulipinda vibaya. Mwende akaacha kufuma, akaja, akanielekeza polepole namna ya kushika kitambaa. Nikamwacha anielekeze.

"Mama Shiro, na mimi nikiharibu, uniambie," akasema.

Nimemwahidi. Nimefumua mara mbili. Mara ya tatu mshono ukakaa sawa.