Uwazi Ulioachiwa Treni

Taata, Baba yangu, shikamoo huko uliko.

Nakuandikia nikiwa kwenye kambi ya reli, upande wa Tabora. Shule niliiachia darasa la sita, unajua, kwa hiyo nitaandika nilivyozoea kusema. Na wengine wakisoma, wasome. Nimechoka kuyaweka moyoni.

Unakumbuka nilipokupigia simu kukuambia nimepata kazi ya kulaza mataruma, yale yanayobeba reli? Nilikueleza alivyotufundisha mhandisi: treni hii inakwenda kwa umeme, haifuki moshi, na mabehewa yake yatabeba mizigo ya malori mengi. Alisema moshi wa magari ni mojawapo ya mambo yanayovuruga mvua. Msimu ule maua ya kahawa yalikauka mitini, na mvua ilipokuja hayakuwapo tena. Ukasema, "Basi ileteni huku kwetu Bugomora upesi, kabla mibuni haijaisha."

Nikakuambia haitafika kwetu. Ukacheka. "Reli ni kama barabara, mwanangu. Ikishaanza, itafika."

Nilipokuja likizo nikakuta umeng'oa migomba na kuacha uwazi katikati ya kibanja, shamba letu la nyumbani, kutoka barabarani hadi bondeni. Jirani akipita alikutania, "Mzee, leo treni imechelewa?" Nawe ukamjibu, "Imechelewa, lakini ya kwako hata njia haina." Mama alinuna, maana hapo ndipo ndizi zilipozaa vizuri. Nilikusihi upande walau maharage. Ukaniuliza kama treni hupita juu ya maharage.

Kisha asubuhi moja Baba Mdogo akanipigia kuniambia umefariki usingizini. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo, na kaburi likishachimbwa halilali wazi. Niliondoka saa ile ile na nguo za kazi. Nikaomba lifti ya lori hadi Kahama, nikasubiri, nikapata basi. Njiani tukapishana na malori ya ndizi za kwetu, yakipanda mlima kwa kunguruma, moshi mweusi ukituingia madirishani. Nikatazama mikono yangu. Imelaza reli hadi imepasuka, na bado nilikuwa nakwenda kumzika baba yangu ndani ya moshi ule ule.

Simu ikalia. "Uko wapi?" Baba Mdogo akauliza.

"Nyakanazi."

"Padri ameshafika. Watu wote wanakungoja wewe." Kisha akasema, "Hiyo treni mnamjengea nani, hasa?"

Jua likakaribia kuzama, wakashindwa kunisubiri, na mdogo wangu akatupa udongo badala yangu.

Nilifika siku ya pili. Walikuwa wamekulaza katika ule uwazi, kwa kuwa hapo hapakuwa na mgomba wa kukata. Sikulia, Taata. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo ninayo. Sisemi treni ni mbaya. Moshi ukipungua na mvua ikirudi kwenye majira yake, nani atakataa? Lakini moshi uliokausha kahawa yako hatukuutoa sisi, na dawa yake inapita mbali na sisi. Wanaosifu hewa safi kwenye mikutano waje siku moja wapande basi letu, wakae dirishani, wafuate lori la ndizi mlimani. Halafu ndipo watuambie nani ameokolewa.

Juzi mnyapara alituuliza nani ataendelea na kipande kinachofuata. Wenzangu walinyoosha mikono. Mimi niliiweka yangu mfukoni. Mama bado yu hai, na magoti yake hayamfikishi tena hata kisimani. Nimewalazia watu njia ya kutosha. Narudi kukaa karibu naye, ili siku ile ikifika, nifike kwa miguu.

Pumzika, Taata.

Mwanao wa kwanza