Mji Mzima Ulisubiri Hodi Yako

Lucas Street, juu kilimani,
St. George's,
Grenada.

Novemba 24

Mpendwa Dada Lystra,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, na nyingine ya peke yake kutoka kwangu mimi mdogo wako Verna. Hujambo? Baridi ya Brooklyn imeshaanza kuuma? Na lile goti lako, bado linakutabiria mvua kuliko redio? Jerome naye anaendeleaje na shule? Mwambie mama yake mdogo anamuulizia, na kwamba kijana asiyemwandikia mama yake mdogo hapati keki ya Krismasi.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama anakula, analala na kugomba, kwa hiyo ujue ni mzima. Sukari imetulia. Macho ndiyo yanazidi kufifia. Uso wa mtu bado anauona ukikaa naye karibu kwenye mwanga, lakini daktari ametuambia tusitegemee hali hiyo idumu. Nitalirudia jambo hilo.

Mvua za mwaka huu zimetupiga, sasa zimepungua. Ule mkungumanga wa nyuma ya jiko, ulioangushwa na kimbunga tukadhani umekufa, umechipua ubavuni. Mama anautembelea kila asubuhi na kuupapasa majani, kama anampima mtoto homa.

Mjini kumetulia kama unavyokumbuka kunavyotulia msimu huu. Meli za watalii hazijaanza kuja kwa wingi. Pale sokoni nakaa na vikapu vyangu vya kungumanga na mdalasini, na tunachouziana ni maneno tu. Wenye hoteli wanapaka kuta zao rangi kabla wageni hawajafika, na ukishuka mpaka bandarini pua yako inarudi nyumbani na harufu ya rangi. Mume wangu Augustin amepata kibarua hicho. Kila jioni anarudi na rangi mpya kwenye nywele, na wiki hii ni ya machungwa.

Basi, dada, salamu zimetosha. Nilitaka barua iwe na heshima zake kabla sijakuuliza hili: ulipokuja, kitanda cha Bi Noelina kilikuwa laini?

Usishtuke, na usiitupe karatasi. Tunajua ulikuja. Tulijua tangu asubuhi yako ya kwanza, na kama unajiuliza nani alikusaliti, ni wewe mwenyewe.

Uliingia kwa Clarice kununua mkate wa nazi. Ulivaa kofia pana na miwani myeusi, na nguo, kwa maneno ya Clarice, za mtu anayekwenda kutazama maporomoko ya maji. Hadi hapo hakuna aliyekugeukia. Kisha ukasimama mlangoni na kuwatakia watu wote asubuhi njema. Ukamsalimia Clarice, ukawasalimia akina mama wa foleni, ukamsalimia na yule mzee Cadore anayesinzia kwenye kiti cha pembeni. Wote wakakuitikia. Ulipotoka, mzee Cadore, ambaye kumbe halali, akasema, "Mtalii gani huyo anayesalimia hadi kiti?" Na Clarice akamjibu, "Mtalii haamkii mtu, mtalii anauliza bei. Huyo ni Lystra wa Alban."

Dada yangu, miaka yote hiyo ugenini imekubadilisha sauti, imekubadilisha na mwendo, lakini haikuweza kukuingiza dukani kimya kimya. Mama alitulea vizuri mno.

Halafu nikuulize, nani alikushauri uje msimu huu ikiwa ulitaka kujificha? Najua ulivyowaza. Ulidhani mji ukiwa mtupu hakuna wa kukuona. Ungekuja Januari, meli tatu zikiwa zimetapika watu bandarini, ungepita mbele ya meza yangu na ningejaribu kukuuzia kungumanga. Msimu huu hatuna mtu wa kumtazama ila sisi kwa sisi. Sura moja ikiongezeka, mji mzima unaihesabu.

Nakwambia wazi, nilikasirika. Clarice aliponiletea habari nilitaka kuteremka hadi kwa Bi Noelina nikakutoe kwa mkono. Dada yangu wa tumbo moja analala kwenye nyumba ya wageni, anapewa taulo na ramani ya mji aliozaliwa! Nilivaa viatu. Kisha nikakaa kitandani na viatu vyangu, nikawaza kwamba mtu aliyefika ndiye anayepiga hodi. Hatuwafuati watu walikofikia na kuwadai wajitambulishe. Nikasema atapumzika leo, kesho atakuja. Kumbe Clarice alisema hivyo hivyo, na Bi Noelina, na majirani wa kilima hiki chote. Mji mzima ulikuwa kimya kwa adabu, unasubiri hodi yako.

Na mimi nilijua kwa nini inakuwia vigumu. Baba alipofariki ulituambia kazi imekubana. Nilikuwa nimesimama pembeni Mama alipokujibu kwenye simu kwamba kama huji kumzika Alban, basi na yeye usije kumzika. Miaka ikapita ndipo ukanieleza kwamba hukuwa na makaratasi, kwamba ukitoka huko hurudi, na Jerome alikuwa bado ananyonya. Ukaniapisha nisimwambie Mama, kwa sababu ulikwisha mwambia kila mtu kwamba mambo yako yamenyooka. Nikafunga mdomo. Mwaka huu uliponiandikia kwamba makaratasi yametoka, niliruka jikoni kama mwehu, lakini kwa Mama nikasema nimeona panya.

Siku ya pili ya kuja kwako hukutokea. Nikaanza kuhesabu vyombo mezani na kugombana na Augustin bila sababu.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Jioni tukapanda makaburini kama kila mwaka, na mishumaa yetu, fagio na ndoo ya chokaa. Watu wote wa mji walikuwa huko juu na marehemu wao, wanacheka na kugawana vitafunio juu ya makaburi. Nilimshika Mama mkono. Tulipofika kwa Baba sikuwa na cha kufanya. Kaburi lilikuwa limefagiwa. Limepakwa chokaa mpaka pembeni. Na mshumaa ulikuwa umekwisha washwa, umesimamishwa ndani ya kopo la maziwa lililokatwa upande mmoja ili upepo wa baharini usiuzime.

Nani mwingine hukata kopo namna hiyo? Baba alitufundisha wawili tu, mimi na wewe, pale kwenye ngazi za jiko, na wewe ulijikata kidole na kusema ni mimi niliyekusukuma.

Mama aliuona mwanga. Akainama, akalipapasa lile kopo lote, pale lilipokatwa na pale lilipokunjwa. Nilidhani atalia, hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa kaburi, na kila aliyepita akimsalimia aliitikia kama kawaida. Clarice alipita, akatazama kopo, akanitazama mimi, akaenda zake.

Tulipokuwa tunateremka, ndipo Mama aliposema.

"Jana alifika nyumbani."

Nikamuuliza nani, nikijifanya mjinga.

"Aliinua geti," akasema.

Unalijua geti letu. Tangu sisi wadogo limelegea bawaba, linaburura chini. Mgeni hulisukuma, nalo hupiga kelele hadi kanisani. Wa nyumbani huliinua kidogo kwanza, kisha hulivuta, na halisemi kitu ila ule mlio mdogo wa chuma. Mimi nilikuwa sokoni, Augustin kazini. Mama alikuwa barazani anamenya mbaazi. Akasikia chuma. Akajua si mimi, kwa sababu mimi huanza kuongea nikiwa bado barabarani. Akangoja. Baadaye akasikia geti linateremshwa taratibu, na viatu vinashuka kilima.

Dada, nilisimama katikati ya njia na mshumaa wa akiba mkononi. Nikamuuliza kwa nini hakukuita.

"Nilishafungua mdomo," akasema. "Lakini anayekuja ndiye anayepiga hodi. Nikasema acha apige. Halafu nikaingiwa na woga, Verna. Ningemwita jina lake, asiitike, ningelifanya nini lile jina?"

Nakuandikia maneno haya kama alivyoyasema, maana sijawahi kumsikia Mama akikiri kwamba anaogopa kitu, hata usiku ule paa lilipong'oka.

Nikaona kiapo nilichokula kwako sasa hakina maana tena. Nikaanza kumweleza habari za makaratasi, palepale njiani, huku watu wanatupita na mishumaa yao. Hakuniacha nimalize. Anajua. Anajua tangu mtoto wa jirani yetu Modeste aliporudishwa kwa nguvu kutoka huko huko uliko, akakaa barazani kwetu siku nzima akisimulia namna watu wanavyoishi bila makaratasi na kuzika wazazi wao kwa simu. Mama alimpa chakula, akamsikiliza, akajumlisha mwenyewe. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa namficha siri yako, naye ananificha kwamba anaijua. Hii ndiyo familia tuliyopewa.

Nikamuuliza basi kwa nini hakukwambia. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba kila alipoishika simu alisikia sauti yake mwenyewe ya siku ile. Kisha akaniambia hivi, na akanishika kiwiko ili nisikilize:

"Mwandikie kwamba nilisema kwa uchungu, sikusema kwa moyo. Mwandikie hivyo hivyo, usiyapambe."

Sijayapamba.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Noelina, hodi au bila hodi. Alikuwa anakunja mashuka yako. Akaniambia umeondoka na ndege ya mapema, na kwamba ulikuwa mgeni mwema, ulitandika kitanda mwenyewe. Kisha akasema hatawatoza watu wa Alban kwa kulala, kama ungekaa angekwambia. Nilikaa kwenye kile kiti chake cha dirishani, ambacho bila shaka nawe ulikikalia, nikaona kwamba kutoka pale nyumba yetu inaonekana yote, hadi nguo za Mama kwenye kamba. Ulikuwa unatutazama, dada, nasi tulikuwa tunakutazama. Sijui watu wengine wanapendana namna hii au ni sisi tu.

Hasira yangu imekwisha. Nimekuwa nikiwaza jambo moja tangu siku ile. Sisi tunajivunia adabu zetu, na ni kweli, mji huu hauwezi kukupita bila kukusalimia. Lakini uliwasalimia watu wote wa dukani, mama yako hukumsalimia, na sisi tuliokujua tulikaa tukingoja zamu yetu ya kuitikia. Salamu ni kwa ajili ya watu kukutana. Ikiwa imewazuia kukutana, mmoja wetu hana budi kuivunja.

Kwa hiyo naivunja mimi. Njoo nyumbani. Usije Krismasi, kuna kelele, wala Karnivali. Njoo Mei, meli zikiwa zimekwenda na mvua hazijarudi, maembe yakiwa yameiva na sote tukiwa hatuna kazi. Ukiweza kuja mapema zaidi, njoo mapema zaidi. Nilisema nitarudi kwenye macho ya Mama: uso wako bado anaweza kuuona. Sitaki uje akushike uso kwa vidole kama alivyolishika lile kopo.

Chumba chako kipo. Nimehamisha magunia yangu ya mdalasini, ingawa harufu haijahama.

Augustin anakusalimu sana. Clarice anakusalimu na anasema mkate wa nazi wa safari ijayo ni wa bure, ila miwani uiache uwanja wa ndege. Mzee Cadore anakusalimu akiwa amefumba macho. Bi Noelina anakusalimu, na ulisahau leso yako ya kichwa, ninayo mimi. Msalimie Jerome, mbusu kichwani hata akikataa.

Nilitaka kufungia hapo, lakini kuna jambo. Jumapili Augustin alipata nafasi, akatoa nyundo na bawaba mpya alizopewa huko anakopaka rangi, akasema sasa geti la mzee Alban litapona. Mama akainuka barazani na kumzuia kwa fimbo. "Ukilitengeneza, nitamjuaje?" akamuuliza. Bawaba ziko kabatini.

Na tangu siku ile, kila anaposikia geti linainuliwa, hangoji hodi tena. Jana nililiinua nikiwa na kapu kichwani, na kabla sijatia mguu ndani nikasikia sauti yake: "Karibu, Lystra, karibu mwanangu." Nikamwambia, ni mimi, Mama, ni Verna.

"Najua ni wewe," akasema. "Najizoeza."

Mungu akulinde njiani, na aifanye njia hiyo iwe fupi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Verna