Pilipili Ndani ya Kinu Chako

Mama yangu, kamwene, nakusalimu kikwetu.

Leo saa nne ndugu wanakaa kugawa vitu vyako hapa Igowole. Vitenge wagawane, masufuria wachukue, hata lile koti lako la baridi avae anayelitaka. Kinu sitoi. Shangazi, dada yake baba, ameshatangaza kwamba anakichukua yeye, eti mimi nimekiharibu. Jana aliinamisha kichwa ndani, akanusa, akaita wenzake.

"Njooni mnuse! Kinu cha karanga kinanuka pilipili. Marehemu angekubali mambo haya?"

Nilikifunika kinu kwa heshima. Leo nitajibu.

Sheria hiyo ninaijua kuliko yeye. Kinu chako kilikuwa cha karanga na mahindi tu, pilipili ilisagwa juu ya jiwe. Nikiwa darasa la nne nilitwanga humo pilipili mbili kwa uvivu, na majani ya maboga ya jioni ile, yaliyoungwa kwa karanga za kinu hicho, yakatuwasha wote. Baba alicheka mpaka akapaliwa. Wewe hukucheka. Ulinitwangisha pumba siku mbili hadi harufu ikaisha.

Kisha ukaumwa, chakula kikakushinda, hata uji. Nikarudi kutoka Iringa, nilikokuwa napika hotelini, nikakwambia nitakutengenezea mchuzi wa karanga wa Kithai, ule wa kuchovya.

"Hao Wathai ni wa wapi?" uliuliza. "Mbele ya Mbeya?"

"Mbele sana, mama."

Nilikaanga karanga bila mafuta, ukazipepeta mwenyewe umekaa kitandani, ungo juu ya magoti. Nikazitwanga zingali moto mpaka zikaanza kutoa mafuta, nikatia kitunguu saumu, sukari kidogo na ndimu. Tui la nazi lilisubiri kwenye sufuria. Wenyewe hutia na mchuzi wa samaki, lakini sikuwa nao.

"Si kuna dagaa wa Nyasa? Twanga watatu," ulisema.

Nikatwanga. Nikachukua pilipili, nikaelekea nje kwenye jiwe. Ukaniita.

"Unakwenda wapi? Lete hapa."

Ukaidondosha kinuni kwa mkono wako.

"Mama, na sheria?"

"Sheria niliiweka mimi. Twanga."

Nikauchanganya na lile tui, tukachovya viazi vya kuchemsha. "Karanga hii imekasirika," ulisema, jasho likikutoka puani, ukachovya tena. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hukupona, mama, na hilo linaniuma hadi leo. Lakini ulikula viazi vinne baada ya wiki nzima ya maji ya kijiko, na kila Jumapili iliyofuata uliniagiza mchuzi huo huo.

Sasa wanataka kunifundisha ulikuwa nani! Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo chumbani siku ile. Walikujua ukiwa na sheria zako; mimi nilikuona ukizivunja ukitabasamu, na sitakubali wakuzike mara ya pili.

Nimeamka mapema nikatwanga mchuzi mwingine, bakuli kubwa, pilipili sita. Viazi vinachemka. Bakuli nitaliweka katikati yao, kisha nitasimama kando ya kinu nikiwa nimeshika mchi. Shangazi akiuliza tena nani aliyekichafua, nitamtajia jina lako.

Wainame, wanuse wanavyotaka. Harufu ile ni yako.

Pumzika, mama. Kinu hakitoki.

Ni mimi, binti yako mtwangaji.