Dada Kasema

Kiembe Samaki, 14 Februari 2023

Mdogo wangu Biasha,

Assalaam alaykum. Huku kwa Bi Nasima, nilikopanga chumba, sote wazima, ila mimi kiuno kinaniuma kwa kukalia madawati ya watoto. Wewe hujambo? Mumeo Mcha hajambo? Na mama mkwe wako, Bi Zuleikha, kile kifua kimemwachia?

Nakuandikia kwa sababu ulisema mwenyewe mambo yetu tusiyazungumze kwenye simu, maana Bi Zuleikha akisikia sauti yangu husogeza kiti. Barua nampa Tahir wa gari la samaki. Jibu na wewe mpe yeye.

Basi nshaanza. Darasa ni la jioni, la watu wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Siku ya kwanza nilipoingia, wanafunzi wote wakasimama: "Shikamoo, mwalimu!" Nikatamani ardhi inimeze. Mwalimu mwenyewe ni kijana, jina lake Matar, na nikikosea kemia ananambia, "Bi Mwanapili, naomba radhi, hapa pana kasoro kidogo." Kasoro kidogo maana yake nimekosa yote.

Watu wananiuliza, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, talaka mkononi, umeacha mwani wako pwani, unatafuta nini? Natafuta kemia, bayolojia na fizikia, niingie chuo cha ukunga, kisha nipande mpaka shahada. Wewe unanijua. Wanawake wangapi wa Jambiani nimewasindikiza hospitali, nimewashika mkono njia nzima, kisha mlangoni naambiwa, "Wewe subiri nje"? Nimechoka kusubiri nje.

Niombee dua.

Dada yako,
Mwanapili


Jambiani, 9 Mei 2023

Dada yangu Mwanapili,

Shikamoo. Hatujambo, na Bi Zuleikha kifua kimepona, maneno ndiyo yamezidi. Sikukuu imepita vibaya bila wewe. Mkate wa mofa niliupika mie, watu wakala kwa adabu tu.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nna mimba, dada. Miaka tisa ya ndoa, nilikuwa nshaacha hata kuhesabu siku zangu. Mcha aliposikia alitoka nje akasimama uani, nikadhani amekasirika. Kumbe analia. Mtu anayeshinda kutwa msitu wa Jozani akiwaonyesha wageni kima, hana jambo la kumshtua, leo analia.

Wanasema nitajifungua mwezi wa kumi na moja, kwenye mtihani wako. Nitajizuia mpaka umalize!

Bi Zuleikha ameshatangaza kijiji kizima kwamba mke wa mwanawe ana dada daktari. Jana jirani yetu Rukaiya kaniletea mtoto wake ana vipele shingoni, ati nikuulize dawa.

Mdogo wako,
Biasha


Kiembe Samaki, 13 Mei 2023

Biasha wangu,

Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Nimeisoma barua jikoni, Bi Nasima akaja mbio akidhani nimeungua. Marehemu mama angekuwapo leo angecheza ngoma barabarani.

Tafadhali waambie mimi si daktari. Nasoma kitabu kimoja na watoto wa miaka kumi na saba. Ingawa, nisikufiche, nimelisikia tamu hilo jina. Mwambie Rukaiya asimpake mtoto poda, amwogeshe maji baridi na amvalishe pamba tupu, vipele vitaondoka.

Kliniki usikose hata mara moja. Na mwani uache.

Dada yako,
Mwanapili


Jambiani, 24 Septemba 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za masomo? Huku wazima, mtoto wa Rukaiya shingo yake imekuwa laini kama hariri, na tangu siku ile neno lako limekuwa hukumu. Mwenyewe Mcha sasa akiumwa jino husema, "Hebu muulize dada."

Leo nauliza langu. Miguu imenivimba mpaka makubadhi hayaingii. Na uso pia, na pete imebidi niitoe kwa sabuni na uzi. Kichwa kinaniuma tangu juzi. Kliniki yangu ni wiki ijayo, lakini Mcha anataka twende sasa hivi. Bi Zuleikha anasema wanawake wote huvimba, tusimsumbue mkunga kwa jambo la kawaida. Mimi nimewaambia tusibishane, nitakuuliza wewe.

Mdogo wako,
Biasha


Kiembe Samaki, 25 Septemba 2023

Biasha,

Marahaba. Naandika mbiombio, Tahir ananipigia honi, na kesho tuna jaribio la fizikia.

Usiwe na wasiwasi. Mimba ya kwanza na joto hili, miguu lazima ivimbe. Tumesoma mzunguko wa damu mwezi uliopita: mtoto anakandamiza mishipa, damu inachelewa kurudi juu. Ni kawaida. Lala miguu ikiwa juu ya mto, punguza chumvi, kunywa maji mengi. Subiri siku yako ya kliniki.

Msalimie Mcha, mwambie asiwe mwoga.

Dada yako,
Mwanapili


Kiembe Samaki, 11 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Sijui nikuulize hali vipi. Tahir anasema mmerudi Jambiani na kwamba unakula kidogo.

Nilipokuja wodini ulinigeuzia uso ukutani. Nikasimama pale na chupa ya uji mkononi. Mkunga mmoja akaniuliza, "Wewe ndiye dada yake daktari?" Nikamjibu, "Mimi ndiye dada yake." Akanieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mwenzake, kwamba kilikuwa kifafa cha mimba, kwamba uvimbe wa uso na kichwa kuuma ndizo dalili zake, na kwamba mngefika siku tatu kabla pengine mtoto angekuwa hai. Hakujua anamwambia nani.

Nimepekua vitabu vyetu vyote. Jambo hilo halimo ndani. Biasha, nililokujibu sikulisoma popote. Nilijibu kwa sababu uliniuliza mimi.

Mtihani siufanyi. Nafunga nguo zangu, nnarudi nyumbani nikutazame.

Dada yako,
Mwanapili


Jambiani, 29 Oktoba 2023

Dada Mwanapili,

Shikamoo. Mwili haujambo.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe umesikia ya hospitali tu. Jioni ya siku ya tatu tangu jibu lako kichwa kilizidi, nikawa naona nyota. Mcha akasimama: "Mimi naita gari." Nikamwambia, "Dada kasema ni kawaida." Akaniuliza, "Kasema hivyo hivyo?" Nikampa barua akaisoma. Akakaa. Alfajiri nilikwenda kutia udhu, na baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilipozinduka tumbo limelala.

Alikuwa wa kike. Mcha ndiye aliyempeleka kaburini, mimi bado nna mipira ya dripu mkononi. Tulimpa jina la mama, Mwanamwema. Nilimuuliza Mcha alifanana na nani, akasema, "Alikuwa na nywele nyingi."

Usije. Fanya mtihani wako. Mtoto ameondoka, na skuli nayo iondoke? Tutabaki na nini, dada?

Mdogo wako,
Biasha


Kiembe Samaki, 2 Februari 2024

Mdogo wangu Biasha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta una nguvu. Hii ni ya tatu tangu nimalize mtihani. Tahir anasema zote anakukabidhi mkononi, nawe humshukuru, basi.

Matokeo yametoka. Bayolojia nimepata B, kemia C, fizikia D. Zinatosha kuomba chuo. Mwalimu Matar alinipigia simu mwenyewe, darasa zima likapiga vigelegele nyuma yake. Nilimshukuru, kisha nikakaa kitandani na simu mkononi, sina wa kumwambia. Kila jambo langu jema, tangu unasukwa nywele mapajani mwangu, wewe ndiye niliyekuwa nikikwambia kwanza.

Ramadhani inakaribia. Niruhusu nije tufutari pamoja, hata siku moja. Nataka unifikishe kaburini kwake.

Dada yako,
Mwanapili


Jambiani, 6 Machi 2024

Dada Mwanapili,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na wewe tunakuombea afya.

Hongera. Nilimwambia Mcha, akasema, "Anastahili, amesoma." Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Furaha imo, usidhani haimo. Wanawake wa hapa wamefurahi, Rukaiya kachinja kuku. Wananiuliza mbona siku hizi huonekani. Nawaambia una kazi nyingi.

Barua yako ile ya Septemba nimeichana. Hakuna aliyeisoma ila mimi na Mcha, na Mcha hatasema. Watu wanajua ni kudra ya Mungu, na ni kudra kweli. Kwa hiyo nenda chuoni na uso wako mzima. Lakini kule, mtu akikuuliza usilolijua, mwambie hujui. Hata akiwa anakupenda. Akikupenda ndiyo zaidi.

Kaburini nenda siku yoyote, Mcha atakuonyesha. Nyumbani kwangu usije. Nimejaribu, dada. Nafunga macho nakukaribisha, nakutandikia mkeka, nakumiminia uji, na moyo wangu unatulia kabisa. Kisha unaniuliza hali, kama ulivyoniuliza maisha yangu yote, na mimi siwezi tena kukwambia panaponiuma.

Biasha