Kigoda cha Mama

Rafiki yangu Atiir wee! Nimetoka kikao cha ukoo hapa Lodwar sasa hivi, na bado nina hasira.

Baba mdogo Ekwam amesimulia TENA, mbele ya wakwe, kwamba mwaka wa tisini na sita Mama alilaza kichwa kwenye kigoda cha Baba. Kile cha kukalia na kulalia kichwa, ambacho kwetu ni cha mwanamume tu! Kigoda!

Dawa za presha zilikuwa zimemletea kiungulia. Kila akilala kilipanda mpaka kooni, akakaribia kuzitupa. Akiinua kichwa juu ya kigoda, kilishuka.

Ekwam akapayuka Kakuma nzima, tulikokuwa tukiishi: "Shemeji anataka kuwa mume!" Bwege yule, kigoda chake kinabeba kichwa kitupu.

Leo Mama amemjibu mwenyewe: "Ekwam, kaka yako alikusikia, akanichongea kigoda changu."

Akakitoa kwenye mkoba wake, akakikalia.